Mbegu Hujilinda Yenyewe Kwanza



Leo ni zamu ya mbegu. Ufuta, habasoda, giligilani, uwatu, bizari nyembamba, shamari. Nyingi kati ya hizo umeshazila wiki hii bila kuzitia maanani: kwenye pilau, kwenye mchuzi, kwenye mkate wa ufuta, juu ya halua ya harusini. Jikoni ni viungo tu, hakuna anayezipigia debe. Zikishatiwa kwenye vidonge au kwenye chupa ndogo ya kupendeza, bei inapaa, na tunaambiwa zina antioksidanti, zinafukuza sumu, zinarudisha ujana, zinatibu kuanzia mafua hadi saratani.

Sehemu ya kwanza ya sifa hizo ni kweli. Zina antioksidanti, tena si haba. Ninachotaka kukushawishi jioni hii ni kwamba mbegu haikuzitengeneza kwa ajili yako. Mbegu haijui kama una kisukari. Presha ya baba mkwe wako haiihusu. Ilizitengeneza kwa shida zake yenyewe, na ukishazijua shida za mbegu, utajua wapi kinga hiyo inakufaa na wapi muuzaji amekurusha hatua mbili tatu bila wewe kutambua.

Tuanze na ufuta, kwa kuwa ndio tunaoulima kwa wingi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa zao hili, na kwa mkulima wa Lindi au Mtwara ufuta ni ada ya shule na bati za nyumba, sawa na korosho. Chukua punje moja uiweke kiganjani. Ni nyepesi kiasi kwamba punje elfu moja zina uzito wa gramu 3 hivi. Lakini karibu nusu ya uzito huo ni mafuta, na mafuta yenyewe sehemu kubwa ni ya aina laini, yale yasiyoganda kwenye baridi kama yanavyoganda ya nazi au samli. Hiyo ndiyo akiba ya safari: mche ukitoka kabla majani hayajaanza kutengeneza chakula kwa jua, unakula mafuta hayo.

Tatizo ni kwamba mafuta laini ya namna hiyo yana adui, na adui mwenyewe ni hewa tunayoivuta. Molekuli zake zina sehemu dhaifu ambazo oksijeni huzishambulia. Molekuli moja ikishanyang'anywa chembe ya hidrojeni inageuka kile ambacho wanakemia wanakiita radikali huru, kitu kisichotulia mpaka nacho kimnyang'anye jirani. Jirani aliyenyang'anywa anageuka vilevile. Ni kama moto ulioingia kwenye safu ya nyumba za makuti: nyumba ya kwanza haiungui peke yake. Mwisho wake unaujua kwa pua. Ni ile harufu ya rangi kuukuu inayotoka kwenye karanga zilizosahauliwa kabatini, au kwenye mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi dirishani. Tunasema yameharibika, tunayamwaga.

Mbegu haiwezi kuyamwaga. Imelala ardhini au ghalani miezi kadhaa, iko hai, inapumua taratibu sana, inasubiri mvua. Mafuta yale, na ngozi nyembamba za seli zilizotengenezwa kwa mafuta ya jamii hiyohiyo, yakiharibika, kiinitete kinakufa na mvua itakuta ganda tupu. Kwa hiyo mbegu huweka ndani ya mafuta yake molekuli za aina nyingine, ambazo zikinyang'anywa hidrojeni zinatulia, hazimgeukii jirani. Mnyororo unakatikia hapo. Antioksidanti ni hiyo, basi. Hakuna muujiza mwingine.

Ushahidi wa jambo hili ni mzuri. Mwaka 2004 watafiti wa Michigan State University, katika maabara ya Dean DellaPenna, walichapisha kazi yao juu ya mmea mdogo uitwao Arabidopsis, gugu dogo la ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Walikuwa na mimea iliyoharibika vinasaba hata haikuweza kutengeneza vitamini E, ambayo ni antioksidanti kuu ndani ya mafuta ya mbegu. Mimea ilikua vizuri tu, ikazaa mbegu. Mbegu hizo zilipozeeshwa kwa kuwekwa kwenye joto na unyevu, zilipoteza uwezo wa kuota mapema kuliko mbegu za kawaida. Na zile zilizoota, miche yake ilikuwa dhaifu, na mafuta ndani yake yamejaa dalili za kushambuliwa na oksijeni. Vitamini E, ambayo tunaimeza tukitafuta ngozi nyororo, kwa mbegu ni suala la kuota au kutoota.

Ufuta una vitamini E, na juu yake una kitu kingine ambacho mbegu nyingi hazina kwa kiwango hicho. Ni kundi la kemikali ziitwazo lignani; zilizo mashuhuri ndani ya ufuta ni sesamini na sesamolini. Wajapani ndio waliozichimba zaidi, kwa sababu mafuta ya ufuta kwao ni kiungo cha kila siku na wapishi walishagundua tangu zamani kwamba hayaharibiki upesi. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti akiwamo Mitsuo Namiki wa Nagoya lilieleza kwa nini. Na sehemu tamu ya maelezo yao iko kwenye kikaango.

Ufuta ukiukaanga kavu kwa moto mdogo, dakika za mwanzo haufanyi kitu. Halafu punje zinaanza kurukaruka na kupiga kelele ndogo, rangi inatoka ule weupe wa maziwa inaelekea dhahabu, na ile harufu inajaa nyumba hadi kwa jirani. Wakati huohuo sesamolini, ambayo yenyewe si hodari sana, inavunjika kwa joto na kutoa sesamoli, ambayo ni antioksidanti kali. Ndiyo maana mafuta yaliyokamuliwa kutoka ufuta uliokaangwa hukaa muda mrefu kuliko yale ya ufuta mbichi, kinyume na tunavyodhani kwamba moto unaua kila kilicho chema. Ukipitiliza, ukauacha hadi uwe mweusi na mchungu, umeuchoma tu. Hilo halina faida wala ladha.

Watu wa pwani hawakusubiri Nagoya kuyapenda mafuta haya. Lamu na Unguja vilikuwapo vinu vya kukamulia ufuta vilivyozungushwa na ngamia, mnyama amefungwa macho anazunguka kutwa nzima. Na katika karne ya 19 ufuta wa mwambao huu ulipakiwa merikebuni kwenda hadi Marseille, Ufaransa, kwenye viwanda vya mafuta na sabuni. Kilichopakiwa ni mbegu nzima, na safari ya baharini haikuwa ya siku mbili. Niliposoma habari hizo nilifikiri zaidi juu ya watumwa wa Malindi na Mambrui waliolimishwa ufuta huo kuliko juu ya kemia, lakini kemia nayo imo: ganda zima na lignani zake ndani ni chombo kizuri cha kusafirishia mafuta.

Ukitaka kuona kazi hiyohiyo ikifanywa na kiwanda, geuza dumu lako la mafuta ya kupikia usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta E319, au E320, au E321. Hizo ni antioksidanti za kutengenezwa, zimetiwa ili mafuta yasiharibike dukani. Mafuta yanaposafishwa sana kiwandani hupoteza sehemu ya kinga yake ya asili, kwa hiyo kiwanda kinarudisha nyingine. Ajabu ni kwamba zikiwa kwenye dumu tunaziita kemikali na kuziogopa, zikiwa kwenye mbegu tunaziita tiba. Kazi ni ileile: kulinda mafuta.

Sasa habasoda.

Hapa naenda kwa adabu, kwa sababu kwa Waislamu wengi mnaonisikiliza mbegu hii imetajwa kwenye Hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Wanazuoni wenyewe wamelijadili neno hilo kwa karne nyingi, wapo walioelewa kuwa ni kila ugonjwa, wapo waliosema ni magonjwa ya namna fulani. Mjadala huo ni wao, mimi si mwanazuoni. Ninachoweza kuzungumzia ni kilichomo ndani ya punje.

Punje ya habasoda ni nyeusi, ina pembe pembe, ukiitafuna inaanza na uchungu kisha inakuja ladha kama ya karanga yenye pilipili kwa mbali. Zaidi ya robo ya uzito wake ni mafuta ya kawaida. Pamoja nayo kuna mafuta-harufu kidogo, yale yanayoruka hewani ukiisaga. Ndani ya mafuta-harufu hayo mnamo kemikali iitwayo timokwinoni, ambayo mtafiti wa Misri, El-Dakhakhny, aliielezea kwenye jarida la kisayansi mwaka 1963. Tangu hapo timokwinoni imeandikiwa makaratasi yasiyohesabika. Ndani ya seli za maabara na ndani ya panya imepunguza uvimbe, imekata mnyororo wa radikali huru, hata imeua seli za saratani kwenye kisahani cha kioo. Sabuni ya kufulia nayo huua seli za saratani kwenye kisahani, naomba tukumbuke hilo.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: timokwinoni haipendi mwanga. Ukiiweka juani inavunjika. Na kiasi chake hutofautiana mno kati ya chupa na chupa, kutegemea mbegu ilitoka wapi, ilikamuliwa vipi, imekaa muda gani. Kwa hiyo mafuta ya habasoda kwenye chupa nyeupe ya kioo, yaliyopangwa mezani kituo cha mabasi tangu asubuhi chini ya jua la saa saba, ni mafuta ya mbegu tu yaliyobaki na jina. Yakiwa chupa ya rangi ya kahawia, kivulini, kwa muuzaji anayejua yamekamuliwa lini, hapo tunaweza kuzungumza.

Mbegu nyingine nazipita haraka. Giligilani kavu ina linaloli, ndiyo inayotoa ile harufu ya limau na maua unapoitwanga. Wachimbuzi waliikuta mbegu hii ndani ya kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kwa hiyo si mgeni kwenye jikoni za Afrika. Shamari ina anetoli, iliyo tamu. Bizari nyembamba ina harufu yake ambayo pilau bila hiyo ni wali wa rangi. Kila moja ina pia fenoli zake, na fenoli karibu zote ni antioksidanti. Uwatu nitaurudia baadaye, kwa sababu wenyewe una la kusema.

Haya. Mtafiti anajuaje kwamba mbegu fulani ina antioksidanti nyingi? Kipimo kinachotumika sana vyuoni kwetu, kwa kuwa ni rahisi, kinaitwa DPPH. Kimekuwapo tangu mwaka 1958. Unachukua unga wa kemikali yenye jina hilohilo, unauyeyusha kwenye pombe, unapata maji ya zambarau iliyokolea, rangi ya wino wa kalamu za zamani. Zambarau hiyo yenyewe ni radikali huru, iliyo tulivu kiasi cha kuwekwa kwenye chupa. Unasaga mbegu zako, unachuja, unadondosha mchujo wako ndani. Kama una antioksidanti, zambarau inafifia, inapauka, inakuwa njano. Unasubiri nusu saa gizani, unapima kwa mashine ni kiasi gani rangi imepotea, unaandika asilimia.

Ni kipimo kizuri. Kinakuambia kwamba ndani ya pombe, kwenye kioo, mchujo huu unatoa hidrojeni. Lakini sikiliza: majani ya chai yanafaulu kipimo hiki kwa alama za juu. Kahawa inafaulu. Maganda ya embe unayotupa yanafaulu. Magome ya miti mingi yanafaulu. Ukichukua mmea wowote ule barabarani kutoka hapa ulipo hadi sokoni, kuna uwezekano mkubwa zambarau itageuka njano. Kwa hiyo muuzaji anaposema mbegu yake imethibitishwa na chuo kikuu kuwa ina antioksidanti, hajasema uongo, na hajasema kitu.

Wamarekani walilipitia hili kwa gharama. Wizara yao ya Kilimo mwaka 2007 ilichapisha jedwali la mamia ya vyakula na alama zake za kipimo kingine, kiitwacho ORAC. Viungo vikavu vilikuwa juu kabisa, kwa sababu kitu kilichokaushwa kina kila kitu kingi kwa gramu. Kampuni za vidonge na juisi zikalidaka jedwali, kila moja ikajigamba kwa namba yake. Mwaka 2012 wizara ikaliondoa, ikaeleza kwamba namba hizo hazionyeshi kinachotokea ndani ya mwili wa binadamu na zinatumika vibaya kibiashara. Jedwali limeondoka, namba bado ziko kwenye lebo hadi leo.

Ni kwa nini kinachotokea kwenye kioo hakitokei mwilini? Kwanza, mwili hauzichukui kemikali hizi kama zilivyo. Fenoli ukizimeza, sehemu ndogo tu inavuka ukuta wa utumbo, na inayovuka ini linaikamata na kuibadilisha upesi, kwa kuwa ini linaiona kama mgeni wa kusindikizwa nje. Lignani za ufuta nazo zinafika kwa bakteria wa utumbo mpana, ambao wanazigeuza kuwa kitu kingine kabisa kiitwacho enterolaktoni. Kitu hicho huenda kina faida zake, lakini si kile kilichogeuza zambarau kuwa njano.

Pili, damu yako tayari ina antioksidanti zake. Kubwa mojawapo ni asidi ya yuriki, ndiyo hiyohiyo inayosababisha gauti, ugonjwa wa vidole vya miguu kuvimba. Silvina Lotito na Balz Frei wa chuo kikuu cha jimbo la Oregon walichapisha mwaka 2004 jaribio ninalolipenda sana. Waliwapa watu matufaha matano matano, wakapima damu. Uwezo wake wa kupambana na radikali huru ukapanda. Gazeti lolote lingeishia hapo na kichwa cha habari kingekuwa kimepatikana. Wao wakaendelea, wakagundua kwamba kilichopanda ni asidi ya yuriki, na iliyoipandisha ni sukari ya matunda. Maji yenye sukari hiyo pekee yalifanya vilevile. Fenoli za tufaha zilihusika kidogo mno.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, mwili unazihitaji radikali huru. Chembe nyeupe za damu zikimkamata bakteria humwua kwa kumrushia kemikali za jamii hiyohiyo. Misuli ukiifanyisha mazoezi hutoa radikali huru, na hiyo ndiyo ishara ya mwili kujiimarisha. Mwaka 2009 kundi la Michael Ristow huko Ujerumani lilionyesha kwamba vijana waliomeza vitamini C na E kwa wingi walipokuwa wakifanya mazoezi walikosa sehemu ya faida ya mazoezi yenyewe, ile ya mwili kuitumia sukari vizuri zaidi. Mwili una askari wake wa kuzidhibiti radikali, vimeng'enya ambavyo kimojawapo kilitambuliwa na watafiti McCord na Fridovich mwaka 1969. Hauzifuti zote. Unazipimia.

Na sasa jambo zito. Finland, mwaka 1994, yalitoka matokeo ya utafiti wa wanaume 29,133, wote wavutaji sigara, waliopewa beta-karotini au vitamini E au vyote au kidonge kisicho na kitu, kwa miaka mitano hadi minane. Beta-karotini ndiyo antioksidanti inayoipa karoti rangi. Kila mtu alitarajia saratani ya mapafu ipungue. Kwa waliopewa beta-karotini iliongezeka, kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti unaofanana, wa wavutaji, walioacha kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto. Walilazimika kuusimamisha mapema, Januari 1996, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 kwa waliokuwa wakimeza vidonge. Kuna mwingine wa baadaye, kwa wanaume wasio wagonjwa, ambao mwaka 2011 ulionyesha saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17 kwa waliomeza vitamini E peke yake.

Sikuogopeshi na karoti, msikilizaji. Kula karoti. Waliodhurika hawakudhurika kwa chakula. Walidhurika kwa dozi iliyotolewa nje ya chakula, ikakusanywa, ikamezwa kila siku kwa imani kwamba kama kidogo ni kizuri basi kingi ni kizuri zaidi. Imani hiyo ndiyo iliyoko kwenye chupa nyingi za mbegu zetu leo.

Je, mbegu hizi hazina faida yoyote kwa mgonjwa? Zinayo, na hapa ningependa tuwe waadilifu pande zote mbili. Kuhusu habasoda, mwaka 2010 Bamosa na wenzake wa Saudi Arabia walichapisha utafiti wa wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili. Waliendelea na dawa zao za hospitali, na juu yake wakapewa unga wa habasoda gramu 1, 2 au 3 kwa siku, miezi mitatu. Gramu 2, ambayo ni chini ya kijiko kimoja cha chai, ilishusha sukari kwa kiasi cha kuonekana. Gramu 3 haikuongeza kitu. Ni utafiti mdogo, na uko mwingine wa namna hiyo kuhusu presha unaoonyesha kushuka kidogo. Zingatia maneno mawili hapo: waliendelea na dawa.

Uwatu nao unashusha sukari, na sababu iliyo wazi zaidi haina uhusiano wowote na antioksidanti. Ukiuloweka usiku, asubuhi unakuta maji yamekuwa mazito, yanateleza. Ule utelezi ni nyuzinyuzi. Ukifika tumboni unachelewesha sukari ya ugali kuingia kwenye damu. Akina mama wa pwani wanaowapikia wazazi uji wa uwatu wameutumia muda mrefu kwa sababu zao, na jasho la mzazi likinukia utamu wa ajabu kila mtu nyumbani anajua kaupata. Hakuna kipimo cha zambarau kilichohitajika.

Kwa kuwa unashusha sukari kweli, una hatari ya kweli. Anayemeza vidonge vya kisukari au kujidunga insulini, akijiongezea uwatu na habasoda kwa vijiko, anaweza kushtukia sukari imeshuka mno, anatetemeka, anatoka jasho, anaanguka. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda naye amwambie daktari anachokula kutoka kwenye chupa. Mjamzito aache dozi za uwatu mpaka ajifungue. Wa kwenye mchuzi si tatizo. Na ufuta, pamoja na wema wake wote, una watu unaowadhuru: wapo wenye mzio nao, hasa watoto, wanavimba midomo na kubanwa kifua. Marekani tangu Januari 2023 sheria inalazimisha ufuta uandikwe kwenye orodha ya vyakula vya mzio. Kwetu mkate wa ufuta hauna lebo, kwa hiyo mzazi ndiye lebo.

Kuna msikilizaji aliyeuliza wiki iliyopita: basi nifanyeje na kilo yangu ya ufuta? Swali zuri kuliko mengi. Msimu wa kusini unaanza kufunguka kuanzia Mei au Juni, na ufuta mpya unaujua kwa kuutafuna: mtamu, haukwaruzi koo. Upepete, halafu uoshe kwenye maji mengi, kwa sababu mchanga wa ufuta haupepeteki wote. Unausuuza kwa viganja na kuacha mchanga chini ya beseni, mara kadhaa, hadi meno yako yakubali. Uanike siku nzima juani hadi ukauke kabisa, kisha uutie kwenye chombo chenye kifuniko, mahali pa giza na pasipo joto la jiko. Mzima hivyo utakaa miezi. Usiusage wote, wala usiukaange wote. Kaanga wa wiki hiyo, saga wa siku hiyo, maana ukishavunja ganda umeifungulia oksijeni mlango. Habasoda na giligilani ni vivyo hivyo, nunua punje uachane na unga uliosagwa mwaka jana na mtu usiyemjua. Na mafuta ya ufuta kama unayapata ya kukamua, nunua chupa ndogo utakayoimaliza, ufunge kizibo kila ukimimina.